Mwenye Bia Aonje Kwanza

Nchi yetu ya Shangweni haimo kwenye ramani nyingi, na kosa hilo ni la wachora ramani. Sisi wenyewe tunajijua tupo. Tuna wimbo wa taifa, tuna bendera, na juu ya yote hayo tuna bia. Bia yetu inaitwa Kigoda. Kwenye nembo yake kuna kigoda cha miguu mitatu, ngoma moja na mzee mwenye mvi anayecheka, na chini ya mzee pameandikwa: KAA KITAKO, UKO KWENU. Mtu wa Shangweni akiyaona maneno hayo hukaa kitako kweli, hata kama alikuwa njiani kwenda kazini.

Nitangulize kusema kwamba mimi si mtu wa kuisema serikali vibaya. Jina langu ni Yoeli Chimbalanga, karani mpiga chapa daraja la pili katika Idara ya Itifaki, mwaka wa ishirini na sita kazini bila onyo hata moja. Karibu yote nitakayoyaeleza niliyapiga chapa mwenyewe kwa vidole hivi, nakala tatu tatu, kwa hiyo asitokee mtu wa kuniambia hayakutokea.

Mambo yalianza Jumatatu moja, Mlezi Mkuu wa Taifa, Mheshimiwa Rais Balthazari Kivumbi, alipoambiwa kwamba mjini kuna uvumi. Uvumi wenyewe ulikuwa mbaya: ati Kigoda si ya kwetu. Wasema ovyo walidai kwamba shayiri inatoka ng'ambo, vizibo vinatoka ng'ambo, karatasi ya nembo inatoka ng'ambo, na hata yule mzee mwenye mvi alipigwa picha katika nchi nyingine ambako wazee wa kucheka wanapatikana kwa urahisi. Kilichobaki cha Shangweni, walisema, ni maji ya mto Kipwepwe na kiu.

Rais alikasirika. Kigoda ilikuwa inatimiza miaka hamsini Jumamosi ya wiki ile ile, na sherehe ilikwishapangwa kufanyika uwanja wa taifa. Akaenda redioni.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Babu zetu walikuwa na desturi. Mwenye pombe alionja kwanza mbele ya wageni, ndipo wageni wakanywa. Alikuwa anaonyesha nini? Alikuwa anaonyesha kwamba hii pombe ni yangu, nimeipika mimi, na kama ina madhara basi yanianze mimi! Ni nani aliyeiua desturi hii? Mkoloni! Basi mimi leo naifufua!"

Watu walipiga makofi mbele ya redio zao. Hata mimi nilipiga, maana desturi ile naijua. Marehemu mama hakuwahi kumpa mgeni kata kabla hajaonja yeye, na mgeni aliyepewa pombe isiyoonjwa aliinuka akaondoka bila kuaga.

Kabla ya saa kumi nilikuwa nimeshapiga chapa Amri Namba Tisa ya Kuonja. Ilikuwa fupi. Hakuna pombe itakayotoka kiwandani kabla mwenyewe hajaionja mbele ya mashahidi. Mwanasheria Mkuu, ambaye hapendi kuona karatasi ya serikali ina nafasi tupu, aliongeza mstari wa pili ili ukurasa ujae: Na atakayeonja ndiye mwenyewe, pamoja na wajibu wake wote. Niliusifu sana mstari ule. Ulikaa vizuri kwenye ukurasa.

*

Kazi ya kumleta mwenye bia uwanjani ilipewa idara yetu. Mkurugenzi wangu, Bwana Hezroni Mtunguja, alicheka kwa jinsi alivyoiona ndogo. Alipiga simu kiwandani akaongea na Bwana Pantaleo Lwambano, Mkurugenzi Mkuu wa Kigoda, yule anayeonekana kwenye matangazo amevaa shati la kitenge, mkono kifuani, akisema, "Damu yangu, bia yangu."

"Ndugu Pantaleo, Jumamosi saa nne utaonja."

"Nitaonja kama nani?"

"Kama mwenyewe."

Simu ikakatwa. Nusu saa baadaye Bwana Lwambano alikuwa ofisini kwetu, shati la kitenge limemganda mgongoni kwa jasho.

"Mkuu, mimi nimeajiriwa," alisema. "Kuna kifungu kwenye mkataba wangu. Nikijiita mwenyewe mahali popote nje ya tangazo, sina kazi. Nina watoto, mkuu."

"Sasa mwenyewe ni nani?"

"Hilo ni swali la ngazi za juu. Mimi naripoti ofisi ya kanda."

Tukaiandikia ofisi ya kanda, ambayo iko nchi ya tatu kutoka yetu. Walijibu kwa adabu kubwa kwamba wao hawamiliki chochote, wanaratibu. Tukayaandikia makao makuu, katika mji mmoja wa nchi za baridi. Hao walitutumia kitabu kizuri chenye picha. Waliandika kwamba wanasimamia bia mia mbili na kumi na nne duniani kote, na kwamba wanajivunia kuona zote ni za kienyeji. Ukurasa wa sitini na moja tulimkuta mzee wetu mwenye mvi akiichekea bia ya taifa jingine, safari hii amevalishwa kofia ya manyoya. Bwana Mtunguja alikifunga kitabu polepole akaomba maji ya kunywa.

Makao makuu nao walisema umiliki hasa hauko kwao, uko kisiwani. Tukapewa anwani ya kisiwa: sanduku moja la posta, ambalo ndani yake zinaishi kampuni elfu kumi na moja. Niliwahurumia. Sisi huku tunalalamikia vyumba vya kupanga, kumbe wenzetu wanabanana kiasi hicho.

Alhamisi likaja jibu la mwisho. Wenye Kigoda, lilisema, ni wenye hisa, na hisa zinauzwa na kununuliwa kutwa nzima, kwa hiyo mwenye bia wa saa nne asubuhi si lazima awe ndiye wa saa nne na robo. Kwa wakati ule fungu kubwa lilikuwa mikononi mwa mfuko wa wastaafu. Tulifanikiwa kumpata mstaafu mmoja kwa simu, ajuza wa miaka themanini na miwili aliyekuwa mwalimu wa chekechea. Alishtuka sana. Alisema kupitia kwa mkalimani kwamba yeye ni mtu wa kanisa, hajaonja pombe tangu azaliwe, na kama kweli ana bia mahali fulani basi anaomba imwagwe.

Bwana Mtunguja aliikata simu kabla ombi hilo halijaingia kwenye kumbukumbu.

*

Ijumaa asubuhi kilikaa kikao cha dharura chini ya Waziri wa Utamaduni na Vinywaji. Iliamuliwa kwamba kwa kuwa mwenyewe hapatikani, atafutwe wa kumwakilisha. Wakaitwa waigizaji kumi na wawili, kila mmoja akapewa chupa aonje mbele ya kamati. Wa kwanza aliimaliza. Wa pili aliuliza kama kuna nyama. Wa tatu alionja vizuri ila akamtolea jicho waziri kama anayengoja aongezwe. Hadi wa kumi na mbili, chupa zilikuwa tupu na kamati imekata tamaa.

"Hawa wanaonja kama wageni," alisema waziri. "Mwenyewe haonji kwa kiu. Anaonja kwa wasiwasi."

Hapo ndipo mimi, ambaye kwa miaka ishirini na sita sikuwahi kuulizwa neno kikaoni, nilipokohoa. Wazo lilikuwa langu. Silikani.

Niliwaambia kwamba yuko mtu mmoja Shangweni ambaye serikali yenyewe imeshathibitisha kwa maandishi kuwa ni mwenye pombe. Nilijua kwa sababu mashine ya mahakama ya mwanzo imekufa na sisi huwa tunawasaidia kupiga chapa. Mtu huyo ni Bi Sikitu Magombeka wa mtaa wa Majaruba, mjane, ambaye alikuwa mahabusu wiki ya tatu kwa kosa la kupika pombe ya ulezi. Sheria ya Kuilinda Bia ya Taifa inasema kinywaji chochote kisichomo kwenye Daftari la Vinywaji vya Kienyeji ni kinywaji cha kigeni, na daftari hilo lina kinywaji kimoja. Kwa hiyo ulezi wa Bi Sikitu, alioulima nyuma ya nyumba yake na kuupika kwa kuni za hapo hapo, ulikuwa umeingia nchini kinyume cha sheria.

"Chimbalanga," waziri aliniambia, "wewe una akili. Kwa nini hujapandishwa daraja?"

Siku nzima nilitembea kifua mbele.

*

Tulimkuta Bi Sikitu amekaa kwenye mkeka ndani ya gereza, anapepeta mchele wa askari. Ni mwanamke mfupi, mikono mipana, na anamtazama mtu anayezungumza kama anayepima iwapo ugali umeiva. Bwana Mtunguja alimweleza habari yote kwa lugha ya itifaki, na yeye akasikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ya kwenye chupa?" aliuliza. "Mimi hata siijui inachemshwaje."

"Ni kuonja tu, mama."

"Kuonja pombe ya mtu kabla yake ni kukosa adabu, baba. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe yupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo yupo," alisema Bwana Mtunguja, na akatazama dari.

Bi Sikitu aliendelea kupepeta. Kisha akasema kwamba yeye hana haja na uwanja wala na rais, ana haja moja tu. Binti yake wa pekee, Tausi, ana mimba ya kwanza na yuko mwezi wa tisa. Mume wa Tausi ni dereva wa masafa marefu, na nyumbani hakuna mtu mzima mwingine. "Nataka kuwa nyumbani mtoto anapozaliwa," alisema. "Nikionja, nitakwenda nyumbani?"

"Jumamosi saa nane mchana uko kwako, mama. Kesi imefutwa. Neno langu hilo."

"Neno lako au karatasi?"

Bwana Mtunguja akanigeukia, nami nikasema karatasi nitaipiga chapa. Na nilikuwa na nia kweli ya kuipiga.

*

Uwanja ulijaa hadi juu ya kuta. Walikuwapo mabalozi, majeshi yote manne, kwaya ya walevi waliotubu na kwaya ya walevi wasiotubu, kila moja jukwaa lake. Bwana Lwambano wa kiwandani alikaa mstari wa tatu, mikono kwenye magoti, na nilisikia anahema vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Rais alihutubia saa mbili na dakika arobaini. Alisema uhuru wa bendera bila uhuru wa povu ni uhuru nusu. Alisema leo dunia itamwona mwenye Kigoda kwa macho, na wenye uvumi watafute kazi nyingine.

Ndipo Bi Sikitu akaletwa, amefungwa kaniki mpya ya serikali, akakabidhiwa kibuyu kilichomiminiwa Kigoda.

Nimehudhuria sherehe nyingi za kitaifa na zote zilinichosha, lakini lile tendo lilinitoa machozi. Hakuwa na haraka. Alilitazama povu. Alinusa, akageuza kibuyu, akanusa tena. Akapiga funda moja dogo, akalishika mdomoni, akafumba macho, akameza. Akangoja, kwa sababu mwenye pombe lazima angoje aone tumbo linasemaje. Uwanja mzima ukangoja naye, hata majeshi. Kisha akaufuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja na kusema kama mama zetu walivyokuwa wakisema: "Kunyweni. Kama ina baya, linianze mimi."

Uwanja ulilipuka. Watu wakakumbatiana wasiojuana. Nadhani Bi Sikitu aliongeza kwamba imepoa mno na haina nafaka ya kutosha, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshaondolewa.

*

Saa saba na nusu alikuwa tayari na kifurushi chake getini mwa uwanja, na mimi nimeshika karatasi yake ya kuachiwa, wino haujakauka vizuri. Ndipo tulipoona mstari wa watu. Niliwadhania wanataka kumpongeza.

Walikuwa madalali wa mahakama. Kumbe kwa miaka hamsini kumekuwa na kesi dhidi ya mwenye kiwanda cha Kigoda, na zote zilikuwa zimelala kwa sababu jalada la kila moja liliandikwa: mshitakiwa hajulikani aliko. Kulikuwa na kesi ya vijiji saba vya mto Kipwepwe, ambao maji yake yamekuwa na povu bila kuwa bia. Kulikuwa na kesi ya wafanyakazi waliokatwa vidole na mashine ya vizibo. Kulikuwa na kesi ya wakulima walioambiwa walime shayiri, wakalima, wakaambiwa si shayiri ile. Sasa mwenye kiwanda amejulikana, tena ameapa mbele ya watu elfu themanini kwamba kama ina baya limwanze yeye. Kila dalali akampa karatasi yake na kumtaka radhi.

"Mimi nimeonja tu," alisema Bi Sikitu. Akanitazama mimi. "Karani, si mlisema kuonja tu?"

Bwana Mtunguja aliwapigia simu makao makuu ili wasaidie kueleza. Jibu lilikuja baada ya dakika arobaini, na hapo niseme kwamba barua zetu zote za nyuma zilikuwa zimechukua siku. Waliandika kwamba wameisoma Amri Namba Tisa, wanaiheshimu sana sheria ya Shangweni, na wanautambua kwa furaha umiliki wa Bi Magombeka kwa upande wa wajibu. Upande wa faida utaendelea na utaratibu wake wa kawaida.

Kesi ya ulezi ilifutwa kama tulivyoahidi. Kwa zile nyingine hakimu alimnyima dhamana, kwa sababu mtu mwenye kiwanda kikubwa namna ile anaweza kuitoroka nchi. Ile saa nane ya mchana ilipita tukiwa mahakamani, na saa kumi jioni Bi Sikitu alikuwa amerudi kwenye mkeka wake. Mimi nilifungua Kigoda mbili siku ile, na zote niliziacha nusu.

*

Jumatatu likatokea jambo ambalo hatukulifikiria. Amri ilisema hakuna pombe itakayotoka kiwandani kabla mwenyewe hajaionja, na kiwanda hupika kila siku. Mwenyewe alikuwa gerezani. Basi ikabidi bia iletwe gerezani. Kuanzia saa moja asubuhi malori yalijipanga getini, moja baada ya jingine, na Mkuu wa Gereza akawa anatembea na kikombe kutoka lori hadi seli. Bi Sikitu anaonja, mashahidi wawili wanatia saini, lori linaruhusiwa. Siku za kawaida malori yalikuwa kumi na moja, na kuelekea sikukuu yalifika ishirini.

Nchi ilifurahi kupita kiasi. Mzee mwenye mvi aliondolewa kwenye nembo na mahali pake akawekwa Bi Sikitu na kibuyu, chini yake maneno: MWENYEWE KAONJA. Bwana Lwambano alipewa nishani ya uzawa. Nani tena angethubutu kusema Kigoda ni ya wageni? Mwenyewe alikuwa na jina, alikuwa na mtaa, na alikuwa na namba ya mfungwa.

Tausi alijifungua Jumatano ya wiki iliyofuata, mtoto wa kike. Jirani mmoja ndiye aliyempokea. Alipopata nguvu alianza kuja gerezani na mtoto mgongoni ili bibi amwone, lakini saa za kuwaona wafungwa ni saa tatu hadi saa saba, na hizo ndizo saa za malori, na gereza letu lina geti moja la wageni.

Mara ya nne alipokuja nilikuwapo. Nilikuwa nimeleta fomu za kutiwa dole gumba.

"Afande, namleta mtoto bibi yake amwone tu," Tausi alimwambia askari. "Hata kwa mbali."

"Dada, huyaoni malori? Hilo la nne, bado saba. Njoo kesho."

"Nilikuja jana."

"Basi geti unalijua."

Mtoto akaanza kulia. Nikapita katikati ya malori nikaingia ndani, na kilio kikaniandama hadi kwenye seli, kwa sababu ukuta wa gereza letu si mrefu kama tunavyowaambia wafadhili. Mkuu wa Gereza alikuwa amesimama na kikombe cha lori la nne. Bi Sikitu alikuwa amekishika, hajakipeleka mdomoni.

"Karani," aliniita. "Huyo anayelia nje ni wangu?"

Mtumishi wa umma hajibu maswali yaliyo nje ya idara yake. Lakini macho yake yalikuwa yamenikaa, nami nikasema, "Ndiyo, mama. Ni wako."

Akakiweka kikombe chini.

"Leo sionji," alisema.

*

Siku ya kwanza walidhani anaumwa. Siku ya pili malori yalikuwa yamefika hadi ofisi ya posta. Siku ya tatu baa zikafungwa, na watu wazima wakaanza kurudi nyumbani mapema, wakakutana na watoto wao, wakashangaa walivyokua. Siku ya nne ikulu ilipokea wageni wa kigeni kwa chai. Siku ya tano waziri alikuja mwenyewe, akapiga goti mbele ya nondo, suti na yote.

"Mama, taifa lina kiu."

"Linywe maji, baba."

"Maji ya mto Kipwepwe, mama..." alianza waziri, kisha akakumbuka yeye ni waziri. Akajaribu upande mwingine. "Unajua ninaweza kukuchukulia hatua kali?"

"Hatua gani? Utanifunga?"

Waziri alitazama huku na huku, akaona kweli.

"Mimi pombe yangu naijua," alisema Bi Sikitu. "Naijua tangu ikiwa mbegu mkononi. Hii yenu siijui, na sijawahi kuimiliki hata siku moja. Niliionja kwa sababu mliniahidi nitakwenda kumpokea mjukuu wangu. Mjukuu amepokewa na watu wengine. Sasa nendeni mkamwite mwenyewe, aje hapa akae kwenye mkeka huu, aonje."

Siku ya sita Mwanasheria Mkuu aliusoma tena ule mstari wake mara nyingi, safari hii kutoka mwisho kwenda mwanzo, na akagundua kwamba kama anayeonja ndiye mwenyewe, basi asiyeonja siye. Bi Sikitu hakuwa tena mwenye Kigoda. Kesi zote zikamwondoka na kurudi kulala. Alitolewa kwa mlango wa jikoni kwa sababu geti lilikuwa bado limezibwa na malori. Tausi alikuwa anamngoja barabarani. Bi Sikitu alimpokea mtoto, akakaa naye pale pale kwenye ukingo wa mfereji, akamfunua uso na kumtazama muda mrefu kama alivyolitazama povu lile uwanjani, ila sasa anatabasamu. Nilifurahi. Kwa cheo changu sikutakiwa kufurahi, lakini nilifurahi.

*

Tangazo la kumtafuta mwenye bia mpya nililipiga chapa mimi. Awe mzawa, awe na mdomo, asiwe na ndugu wa kumtembelea. Lilikaa gazetini wiki nzima na hakuna aliyeleta maombi, maana watu wetu, japo wanakunywa, si wajinga.

Jumatatu Bwana Mtunguja alikuja kwenye meza yangu, akasimama akinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

"Chimbalanga, wewe ni mzawa?"

"Wa kata hii hii, mkuu."

"Una mke?"

"Sikujaliwa, mkuu. Kazi zilinizidi."

Akaniwekea mkono begani. Alisema taifa limenikumbuka, na kwamba nimepandishwa daraja. Sikuficha furaha yangu. Barua ya uteuzi niliipiga chapa mwenyewe, nakala tatu, bila kosa hata moja, na Jumamosi nikaonja mbele ya watu. Madalali wa mahakama walikuwa getini wananingoja. Makao makuu walijibu baada ya dakika ishirini.

Kwa hiyo haya nayaandikia kwenye seli ile ile, kwa mkono, kwa sababu mashine wamenikatalia. Sina malalamiko. Mkuu wa Gereza huniita Mheshimiwa, na kwenye nembo mpya wamenipaka rangi nikaonekana kijana. Wiki iliyopita, kati ya lori la pili na la tatu, nilisikia sauti ya mwanamke upande wa pili wa ukuta ikipaza: "Karani! Wewe karani! Usionje!" Askari walimfukuza, lakini niliijua sauti ya Bi Sikitu, na nyuma yake nilisikia mtoto anacheka.

Nimelifikiria sana neno lile. Najua linavyofanya kazi, maana nililiona kwa macho yangu, na halihitaji nguvu wala elimu. Ni kukiweka kikombe chini. Lakini kila asubuhi kikombe kinapoletwa, na mashahidi wamesimama na kalamu, na nje malori yananguruma, nakumbuka kwamba katika miaka ishirini na sita sijawahi kupata onyo, kisha najiambia nitafanya hivyo kesho. Leo nimeonja malori kumi na matatu.